Usionje, Pima

Mbaruku alihama usiku, Pasua, chumba cha tatu,
akaniachia deni la miezi minne
na tangi la kioo linalonguruma kama jokofu bovu.
Ndani yake vitatange wawili, kamba mmoja mwenye ndevu,
na tumbawe la ukubwa wa ngumi ya mtoto,
linafumba, linafumbua.
Kwenye kioo, karatasi, wino wa bluu:
"1.025. Mama Ndeshi, usionje. Pima."

Mimi ni wa migombani. Kwetu Kibosho
samaki hakuvuka kizingiti cha jiko,
bibi akimwita nyoka wa majini.
Nilionja, bila shaka.
Nikatema kwenye sinki, nikasema: imezidi.
Hata mtori hautiwi hivi.

Kileo, wa duka la dawa za mifugo, alikuwa na hesabu tayari:
"Shusha mpaka kumi na nane. Samaki hawajali,
vimelea vitakufa, na hiyo ndoo ya chumvi
inayopanda basi toka Dar
utaitumia miezi sita badala ya mitatu."
"Na tumbawe?"
"Tumbawe ni jiwe, mama."

Nikashusha. Kwa siku moja, ndoo kwa ndoo,
kwa haraka ya mtu anayefidia kodi yake.
Maji yetu ya mlimani ni matamu, hayana ubaya na mtu,
sikujua kama utamu nao unaua.
Vitatange waliendelea kula.
Jiwe la Kileo likajifunga siku nne
kama duka lenye msiba.
Kamba alilala ubavu.
Nikamfukia chini ya mgomba,
sikumwambia mtu.

Ndipo nikakitoa kile kijidarubini
alichokiacha ndani ya soksi.
Kwanza tone la maji ya betri toka kituo cha mafuta
(ya chupa safi, si yale ya tindikali),
mstari ukae kwenye sifuri.
Halafu tone la tangi. Elekeza dirishani,
fumba jicho moja:
bluu juu, nyeupe chini,
na pale zinapokutana ndipo penye ukweli.
Ulimi wangu haukuwahi kunionyesha mpaka ulionyooka hivyo.

Kumi na nane. Nikaanza kupanda,
elfu moja kwa siku, chumvi ikoroge kwanza pembeni,
isimwangukie mtu kichwani.
Jioni nikikata vitunguu
nikapima na chozi, kwa udadisi tu:
tisa katika elfu.
Bahari ni thelathini na tano.
Wanaosema wamelia bahari
hawajawahi kupima.

Siku ya saba tumbawe lilitoa kidole.
Kesho yake, vidole.

Januari, joto la Moshi lilikunywa tangi
upana wa vidole viwili.
Nikakimbilia ndoo ya chumvi, mkono ukasita hewani.
Kilichopaa ni maji.
Chumvi haijaenda popote, imekaa mle mle,
inakuwa kali kadiri inavyobaki peke yake.
Nikajaza maji baridi, yaliyolala usiku kucha kwenye beseni,
taratibu, mpaka kwenye alama ya wino.

Kileo alipita kudai fedha ya dawa ya kuku.
Akachungulia. "Jiwe limeota nywele," akasema,
akaondoka bila kukumbuka kilichomleta.

Februari, namba ngeni.
Nilikuwa nimeyaandaa maneno yangu,
miezi minne ya maneno, na riba.
"Mama Ndeshi," sauti ikasema,
hata shikamoo hakuna, "umeweka ngapi?"
"Ishirini na tano."
Kimya. Nyuma yake mtu anagongelea misumari.
Nikasikia akishusha pumzi,
kama aliyetua gunia.
"Na kamba, hajambo?"

Nikamwambia laini inakatika.