Ngeli ya Taasisi

Msimu wa salfa, simu za Newala hunuka kiberiti.
Nazifungua hapa kibandani, nyuma ya stendi,
nakwangua unjano kwenye tundu la maiki
kwa mswaki wa mtoto na spiriti kidogo,
kisha napiga: haloo, haloo,
na mwenyewe anacheka kusikia sauti yangu
ikitoka pale ilipokwama jana sauti ya mkwewe.

Nyingi ni Kovani, zile nene,
betri unaitoa kwa ukucha,
tochi kichwani, laini mbili:
moja ya maneno, moja ya fedha za korosho.
Ukutani kwa Nandonde muuza saruji bado pameandikwa,
kwa bluu iliyoanza kubabuka,
KOVANI. KWA AJILI YAKO.
Mtoto mtundu kaongeza vijiti viwili kwenye I,
na AJILI imekuwa AJALI.

Mwezi wa tisa wakala wa vipuri akanipigia toka Mtwara mjini.
Fundi, vioo vya Kovani ndio basi.
Betri ninayo katoni moja, ukichelewa shauri yako.
Kampuni imehama.
Imehamia nchi gani?
Haijahama nchi, akasema. Imehama watu.
Sasa inahudumia taasisi.

Mimi niliishia la saba, Mkunya,
lakini mwalimu Chilumba alitupiga ngeli hadi zikakaa.
Mteja analalamika. Mteja anakopa. Mteja ana mtoto anaharisha.
Taasisi inalipa. Taasisi inaagiza elfu kumi kwa mkupuo.
Simu inaita, simu inazima: ngeli ile ile.
Kampuni nayo humo humo.
Nikaelewa. Wameamua kuzungumza na ndugu zao.

Somoe Mchopa alikuja Ijumaa,
Kovani yake kaifunga kwenye pindo la kanga
kama abebaye yai.
Kuandika hajui. Kila gunia linaposhuka mzanini
yeye hubonyeza, huinamia simu, hunong'ona:
la kwanza, themanini na mbili; karani kasema sabini na tisa.
Misimu minne imo humo,
na nyuma ya kila namba kuna jogoo, au mvua, au mtu anakohoa.
"Betri imevimba," akasema,
"kama mimi na mimba ya Zubeda."
Nikampa ya katoni. Sikumwambia zimebaki sita.

Siku ya mnada wa tatu, karani Likwata mbio mpaka kibandani,
mkononi Kovani mpya, nyeusi, nyembamba,
waliyoletewa chama kupimia mzigo.
Haina skrubu. Haina pa kuingiza ukucha.
Kiooni: Wasiliana na msimamizi wa taasisi yako.
Msimamizi nani?
Yuko Dar.
Tukampigia.
Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa.
Angalau yeye bado ni mteja, nikasema.
Likwata hakucheka.

Ghalani watu walikaa juu ya magunia yao
wakimenya ming'oko, wakitazama jua.
Mzani wa zamani ukatolewa stoo, ndoano imeliwa na kutu.
Likwata akaandika kwenye boksi la sabuni,
jasho likimfutia saba, likimwachia moja.
Na Somoe akasimama pembeni, bila kuitwa,
kidole kwenye kitufe.
Wa kwanza kumsogelea alikuwa kijana, kwa aibu.
Kisha wengine.
Na langu, shangazi.
Na langu liseme.

Usiku nimehesabu tena katoni.
Nne. Moja nimempa kijana yule, kwa mkopo.
Taa ya pikipiki imepita ukutani kwa Nandonde,
ikasoma AJALI YAKO, ikaenda.
Nimechukua kalamu, nimeandika juu ya katoni
herufi kubwa kubwa,
asije mwenye haraka akaniwekea noti mezani nikauza:
ZA WATU.