Nyuzi Chini ya Sifuri

Bondeni hunicheka.
"Sufu, Mwanahamisi? Mombasa hii?
Hata paka wamejilaza chali barazani,
nawe umepakata kondoo mzima!"
Mimi nafuma.
Moja chini, moja juu, kitanzi kivuke,
na jasho lateremka mgongoni likijitafutia njia.

Majira nayajua kuliko redio.
Kaskazi ni blauzi za pamba, kazi ya kroshia,
matundu makubwa, upepo upate pa kupita.
Moja niliifuma rangi ya ukwaju uliolowa, mabega wazi;
mwenyewe akaivalia buibui juu.
"Nnajua mimi kuwa ipo," akasema. "Yatosha."
Masika uzi hunywa maji hewani,
nafuma kidogo, nafumua sana.
Kusi ikiingia, mwezi wa saba,
mji mzima huanza kukohoa,
na walionicheka huja mmoja mmoja
wamebeba watoto:
"Kakofia tu, bibi. Kenye masikio."
Siwakumbushi neno.
Bei huwakumbusha.

Lakini Februari ile, saa saba mchana,
lami ya barabarani ikinata kandambili,
Dama Karisa akabisha na ombi lake:
sweta la shingo ndefu, kofia, skafu ya kuzunguka mara tatu.
"Nene, bibi. Nene kabisa."
"Wasafiri, mwanangu? Ulaya?"
Akacheka, nikaona midomo imepasuka.
"Shimanzi."

Afanya kazi ya kamba.
Si kamba za kufungia mbuzi, wala za waongo;
kamba wa baharini, wenye masharubu,
wanaogandishwa, wakapangwa maboksini
nyuma ya mlango wa chuma.
Koti ni moja, wao watatu,
huvuana zamu kwa zamu, likingali na jasho la mwenzio.
"Mle ndani ni nyuzi kumi na nane," akanambia,
"chini ya sifuri."
Nyuzi mimi nimezihesabu tangu sijaota meno ya pili.
Sijapata kuzihesabu kwenda chini.

Nikampima kwa shubiri, bega hadi kiwiko.
Mkono wake, katika jua lile,
ulikuwa baridi kama mtungi wa uani.
"Rangi?"
Nilidhani atataka nyeusi, isiyosema uchafu.
"Pilipili mbivu," akasema.
"Kila kitu mle cheupe. Nikianguka, wanione."

Nikafuma usiku kumi na moja,
miguu ndani ya beseni la maji,
feni ikinirushia manyoya puani.
Mjukuu wangu akanipiga picha, akacheka hadi akakaa chini.
Sindano zangu ni spoku za baiskeli ya marehemu,
zilizonolewa kwa jiwe;
zikigongana, bado nasikia kama yuaja
akipiga kengele pembeni mwa kichochoro.
Mikono nilifuma mirefu makusudi, ipite vidole.
Hakuniomba hilo.

Jana nilikwenda Shimanzi, nna shughuli zangu.
Saa kumi na moja geti likafunguliwa.
Nikaiona ile nyekundu kabla sijamwona mtu.
Kofia akaivua getini.
Skafu, penye muuza tairi.
Sweta lilimkwamia kichwani mbele ya juisi ya miwa,
akasimama kipofu, mikono juu,
wenzake wawili wakamvuta huku na huku
hadi akatoka, nywele timtim,
akiwa ameingia kaskazi tena.

Chini alivaa blauzi ya matundu, rangi ya embe.
Nikasogea, nikaukodolea macho mshono.
Si wangu.
Vitanzi vimebana, kwapani pamekunjamana,
mfumaji huyo ana haraka, au ana deni.
"Shikamoo, bibi! Hawa wenzangu wauliza bei."
"Marahaba. Na hiyo ulovaa, nani kakufumia?"
Akatazama chini, akaishika pindo.
"Nilijifunza mwenyewe, bibi. Kwa kulitazama sweta."

Nikanyamaza.
Kisha nikamwambia aje Jumapili,
na sindano zake.