Gramu Kumi na Moja

Bawa la kushoto nililijenga mimi,
jikoni kwangu Szeged, theluji imelala dirishani
kama paka asiyefukuzika.
Bawa la kulia alilijenga Vendel,
kwake Miskolc, saa nne za treni,
kwa ramani ileile, mbao zilezile za balsa,
na kimya kilekile cha tangu mazishi ya baba.

Mbavu kumi na tatu kila upande.
Nilizikata kwa wembe, nikazipanga juu ya ramani
niliyoifunika nailoni, gundi isije ikaing'ang'ania.
Balsa haina ubishi: ukiibonyeza kidole
inakikumbuka.

Boriti ya msonobari ikapita, ubavu hadi ubavu.
Bawaba kwenye bawa, servo tumboni mwake.
Waya ulinishinda, ukagoma gizani,
mpaka nikafunga nati kwenye uzi, nikaliinamisha bawa,
nati ikashuka ikigonga: tik. Tik.
Nikahesabu saba, ikaanguka mkononi.

Kisha pasi ya mama.
Plastiki nyekundu ikajikunja kwa kuogopa moto,
halafu ikanyooka kama shati la Jumapili,
lile tulilokuwa tukivaa kwa zamu.

Aprili alishuka stesheni,
bawa lake kalizungushia blanketi kama mgonjwa.
Tukayaunganisha. Tukainua ndege kwa ncha za vidole,
yeye puani, mimi mkiani.
Ikalala kushoto. Kwangu.

Mizani ya unga ikasema: gramu kumi na moja.
"Gundi," Vendel akasema. "Siku zote unatia gundi mno."
Sentensi yake ya kwanza tangu Septemba.
Ni kweli. Tone hapa, tone pale, nikihofia kiungo kuachia;
haba na haba, na kibaba kikajaa.

Akatoa sarafu mfukoni, forinti kumi,
akaibandika kwenye ncha ya bawa lake.
"Hiyo haifiki gramu kumi na moja," nikamwambia.
"Haina haja. Iko mbali.
Kitu kikiwa mbali, uzito wake huzidi."
Akaendelea kulainisha utepe kwa dole gumba,
muda mrefu kuliko utepe ulivyohitaji.

Uwanjani nyasi zilikuwa bado na maji.
Ndege ikakimbia, ikaruka mara moja kama panzi, ikapaa.
"Inavuta kulia," nikasema.
"Naona," akasema,
akanikabidhi rimoti.