Jicho la Mnyoaji

Danica ana umri mara mbili.
Cheti kinasema miezi sita.
Hospitalini wanatoa wiki kumi na mbili alizotuwahi,
anabaki na mitatu na ushei.
Mwenye duka la mikate akiniuliza, "Ana mingapi sasa?"
humtazama kwanza usoni, nijue nimpe ipi.

Alikuja Julai, gramu mia tisa na themanini,
Punta Arenas yote barafu.
Mtoto njiti,
katika mji ambao upepo wake
hufanya watu wafungiwe kamba barabarani wajishikilie.

Mimi ni mnyoa kondoo. Miaka kumi na tisa
mkasi wangu umepita chini ya matumbo ya manyoya,
na jicho likajifunza bila kuniomba ruhusa:
mwanakondoo akisimama mara ya kwanza
naona goti linalochelewa,
shingo inayoelemea upande,
kabla mamaye hajamaliza kumlamba.
Don Baldovino alikuwa akiniita zizini kwa hilo tu.
"Edgardo, pita hapa. Niambie yupi."
Nami nilionyesha kwa kidevu.
Kilichofuata hakikuwa kazi yangu.
Niligeuka, nikanoa mkasi.

Nani aliliambia jicho hilo linifuate nyumbani?

Ilikuwa kwenye beseni. Mkono wa kulia
ulifunguka majini, ukapiga, ukatulowesha.
Wa kushoto ulibaki ngumi,
kidole gumba ndani, kama sarafu
anayoogopa kunyang'anywa.
Nilipomwinua kwa makwapa
miguu ilipishana, ikakaza.
Huo mkasi naujua.

"Atakuwa wa kulia, kama babu yake,"
alisema mama mkwe, Slavica, akifuma.
Yasna alikausha sakafu ambayo haikuwa na maji.
Siku nane hatukusemezana juu ya mkono ule.
Kumbe naye alikuwa ameuona kabla yangu,
kwenye kunyonyesha.
Kila mmoja na ngumi yake, kidole ndani.

Orietta wa mazoezi ya viungo
alimlaza chali kwenye mkeka, bila kidoli.
"Msimsemeshe," alisema, akawasha kamera.
Dakika tatu. Sijawahi kunyoa kondoo kwa muda mrefu hivyo.
Alikuwa anatafuta vijongeo vidogo vidogo,
vya shingo, vya kiwiko, vya kifundo,
kama maji yanayokaribia kuchemka.
Nilitazama sufuria ile.
Nilitazama.
Upande wa kushoto maji yalitulia tuli.

Hakutaja jina la ugonjwa.
"Hii si hukumu, ni dalili. Tutampima tena.
Lakini mmeleta mapema,
na mapema ndiyo bahati."
Mapema. Neno lilelile
lililotukimbiza Julai kwenye ngazi za hospitali
na Yasna akivuja damu kwenye koti langu.

Kisha akanionyesha mkono.
"Usivute vidole. Anza huku chini, kwenye kifundo,
bonyeza, ngoja."
Nikacheka, Yasna akanikazia macho.
Lakini hivyo ndivyo mguu wa kondoo unavyonyooka!
Huuvuti hata siku moja.
Unabonyeza penye kiungo, unangoja,
wenyewe unakuja.

Sasa ni Januari, msimu wa kunyoa.
Narudi na mafuta ya manyoya yamejaa viganjani,
jua bado liko dirishani saa nne za usiku,
nabonyeza, nangoja.
Siku nyingine unafunguka
muda wa kuhesabu hadi sita. Siku nyingine sivyo.
Sionyeshi kitu kwa kidevu tena.
Nainua kidole, Danica anakifuata
kutoka kulia, polepole, mpaka katikati,
hapo anasita,
halafu anavuka.

Orietta alisema tukae upande wa kushoto.
Jana nimekuta kiti cha mama mkwe kimehamia huko,
na kikapu chake cha sufi.
Hajasema lolote.
Anafuma soksi, moja pana kuliko nyingine.