Mshono wa Bawa la Kushoto

Mimi nilishona bawa la kushoto.
La kulia lilishonwa na Honorine Vasseur,
mwenye mkono mwepesi kuliko wangu,
na sote tulilipwa kwa mita.

Kitani kilifika kutoka Flandri kikinuka mvua.
Tulikiwamba juu ya mbavu za mbao,
tukakipaka vanishi, tukakipaka tena,
hata ukikigusa kwa kucha kikalia kama ngoma.

Mei ile, mwaka wa saba tangu binadamu aanze kuruka,
Aurélien Pouzet, fundi baiskeli,
alipanda kitini amevaa tai.
Injini ikakohoa, ikamtemea usoni mafuta ya nyonyo,
masharubu yakang'aa,
na magurudumu yakaacha nyasi.
Hivyo tu. Yakaacha nyasi.

Dakika nne.
Padre alishika kofia, ng'ombe wa Bibi Thibaud wakavunja ua,
na mimi, mjinga, sikumtazama yeye:
niliutazama mshono wangu ukibeba upepo.

Aliye juu, mngoje chini.
Tulimngoja. Alishuka akicheka,
na siku mbili nzima nyonyo ikamwendesha tumbo.
Hilo magazeti hayakuliandika.

Agosti tulimngoja tena.
Watu elfu tatu, viti vya kukodi, bendi ya zimamoto.
Juu ya mto kitu kilimeta (waya, walisema baadaye, ni waya),
na bawa moja likajikunja
kama mkono wa mtu anayetaka kujikuna mgongo.
Bendi iliendelea kupiga kidogo,
kwani mpiga tarumbeta alikuwa ameipa mbingu kisogo.

"Bawa lipi?" niliuliza. "Lipi?"
Wakanitazama kama wanaomtazama mchawi.

Usiku niliingia bandani na taa ya mafuta,
nikapiga magoti kwenye mabaki,
nikahesabu kwa kidole:
vitundu vinne kwa kila sentimita, kama nilivyofundishwa.
Uzi haukukatika.
Kitani kilipasuka kando yake,
nao mshono ukabaki umeng'ang'ania
bawa ambalo halikuwepo tena.

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi,
kabla sijakiona kiatu.

Jumatatu gari la farasi lilileta mbao mpya.
Honorine hakuja.
Mwenye karakana alisema rubani wa safari hii
ni kijana, ana haraka, anataka mabawa yote mawili kabla ya Jumamosi.
Nikatunga uzi sindanoni. Ukakataa.
Nikaulamba, nikatunga tena.