Shwari ya Siku Kumi na Tisa

Usiniulize kama huku ni shwari.
Neno hilo kwetu halipokewi kwa kicheko.
Siku kumi na tisa bahari ililala kifudifudi
nje ya mwamba, haipandi, haipigi,
na ziwa letu la ndani likabaki
kama chai iliyosahauliwa kikombeni.

Hapa Tuamotu maji hayapwi wala hayajai;
tofauti ni kiganja, tena kiganja cha mtoto.
Anayetujazia ni wimbi.
Hupanda mgongo wa matumbawe upande wa kusini,
humwagikia vijia vyenye kina cha goti,
huingia ziwani limechoka, limepoa,
limebeba chakula kisichoonekana kwa macho.
Chaza hula hicho.
Sisi hula kwa mgongo wa chaza.

Maruake alizamia alfajiri. Alipoibuka
hakusema kitu, aliweka kamba moja sakafuni mwa boti:
chaza thelathini, kumi na mmoja midomo wazi,
na chaza akifunua mdomo mwenyewe
hana la kusimulia.
Benki ya Papeete, inapoandika barua zake,
haina habari ya maji kupata joto.

Teipo, binti yetu aliyesomea mambo haya,
alifunga kifaa mwambani, ukubwa wa chupa ya siki.
Kinahesabu kimo, na upande, na sekunde
kati ya wimbi na wimbi.
Akatuonyesha kioo cha kompyuta:
"Mama, bahari haijaandika kitu."

Halafu usiku, saa tisa,
kijiko kikalia ndani ya glasi.
Mara moja. Nikahesabu mpaka kumi na saba.
Kikalia tena.
Mbali kusini, kwenye baridi nisiyoijua,
dhoruba ilipita juma lile bila kumkuta mtu,
na salamu zake ndiyo kwanza zinabisha hodi
chini ya kitanda changu.

Kulipokucha wimbi lilikuwa limechukua
ngazi ya gati, banda la nguruwe, nusu ya jiko.
Maruake alisimama palipokuwa na jiko,
maji magotini, sufuria mkononi,
anacheka peke yake kama mwehu.
Nguruwe tulimkuta juu ya kaburi la mama mkwe,
mzima, ameudhika.
Na vijia vyote vilikuwa vinanguruma kuelekea ndani.

Miezi kumi na minne baadaye tukafungua waliosalia.
Lulu moja, kijani cha shingo ya bata,
ilikuwa na mkanda hafifu kiunoni.
Mnunuzi aliigeuza mara mbili, akashusha bei.
Sikubishana. Niliirudisha mfukoni.

Ninayo hapa. Ukipitisha ukucha taratibu
utakwama kidogo, mahali pembamba kama unywele.
Ndipo hapo.
Ndiyo ile shwari uliyoniuliza.