Matundu ya Mshono

Mama aliniita Candiru,
jina lenye dhiki tumboni mwake,
kwa kuwa nilizaliwa mwaka muhogo uliooza shambani.
Jina la pili nilijipa mwenyewe, kwa kidole gumba,
miaka ishirini na moja, kitandani, usiku,
nikibonyeza ndiyo
kabla sijamaliza kusoma.

Laki mbili na nusu.
Simu ya kioo kipana, viatu vya harusi ya Ayikoru,
na zilizobaki sikumbuki. Kweli sikumbuki.
Kukopa harusi, walisema wahenga,
na harusini nilicheza mpaka kisigino kikang'oka.

Kisha matanga.
Meseji ya kwanza ilikuja na salamu: Mpendwa mteja.
Ya tano haikunipenda tena.
Ya tisa ilimfikia mjomba huko Koboko,
akanipigia kuuliza nimeua nani.
Nikaivunja laini, nikanunua nyingine.
Nilidhani deni hukaa ndani ya laini
kama kunguni ndani ya godoro:
choma godoro, lala.

Miaka minne.
Sasa nashona Arua, mtaa wa Oli, kwenye baraza ya kukodi,
cherehani ya kukodi, elfu tatu kwa siku,
sare za shule, gauni za komunyo,
zipu za wanaume walionenepa.
Nikaenda benki kuomba cherehani yangu mwenyewe.
Bwana Onzima akachukua kitambulisho, akaandika, akangoja,
akaigeuza kompyuta kidogo upande wangu
kama mtu anayekufunulia kidonda chako.

Nilikuwa mle.
Mimi wa ishirini na moja, sijazeeka hata siku,
bado nimesimama na viatu vya harusi,
na mbele ya jina langu:
hajalipa, hajalipa, hajalipa.

"Nikilipa yote, mtayafuta haya?"
"Hatufuti," akasema. "Tunaandika chini yake."

Usiku ule nilifumua gauni la mteja, mkono ulikaa vibaya.
Nikainua kitambaa kwenye taa.
Uzi ulishatoka, lakini matundu ya sindano yalibaki,
yamejipanga kama siafu, njia nzima ya kosa langu.
Hayo hayafutiki.
Unashona mstari mpya pembeni, unapiga pasi.
Likifuliwa mara ya nne, ya tano,
nyuzi husogeleana zenyewe.

Lile deni lilikuwa limezaa: laki nne na elfu themanini.
Elfu kumi na tano kila Ijumaa,
Ijumaa thelathini na mbili,
risiti ndani ya kopo la maziwa.
Ayikoru alipojifungua nilikwenda na kofia ya mabaki ya kitambaa,
na hakuna aliyeniambia kitu, na hilo liliuma zaidi.

Nikapata barua yenye muhuri wa zambarau.
Nikaipeleka benki: kompyuta bado inasema hajalipa.
Nikarudi. Nikarudi tena.
Wiki ya sita ikasema kweli.

Kisha chama cha mafundi kikanikopesha elfu hamsini
nisizozihitaji.
Nilizilaza chini ya vitambaa, sikuzigusa,
nikazirudisha siku tatu kabla, pamoja na riba yake,
kama mtu anayelipa nauli
ili aonekane tu kituoni.
Nikakopa tena. Nikarudisha tena.

Jana Bwana Onzima aligeuza kompyuta.
Yule msichana yupo palepale, kisigino mkononi,
nami nimeacha kumwonea haya.
Chini yake: amelipa. Amelipa. Amelipa.
"Bado hazitoshi," akasema. "Rudi Machi."

Machi si mbali. Februari shule zinafunguliwa, sare zitakuja.
Nikasimama, nikamwambia
upindo wa suruali yake umefumuka, mguu wa kushoto,
ailete barazani.
Elfu mbili, nikasema.
Taslimu.